Meza ya Watu Wawili

Baba Ngui,

Ukirudi kutoka kwa kinyozi, muthokoi uko kwa friji, pasha tu. Chai upike na maji ya mtungi wa buluu, ya mfereji bado ni chumvi. Kuku wafungiwe kabla giza liingie.

Mimi nimeenda. Asubuhi nilikuwa napiga pasi shati lako la safari, ukaniambia umerudisha tikiti yako ya meli, pesa imeenda sacco, ndio tuache kazi mapema. Uliongea kama mtu ameniletea zawadi. Miaka sita tumejinyima na sijawahi kulalamika. Lakini kila Jumapili tukitoka kanisa tunakaa hapa na lile daftari la akiba, na hiyo ndiyo saa pekee unaniangalia. Hizo siku nne za meli sikuzitaka kwa sababu ya bahari.

Sasa nitakula peke yangu kwa meza ya watu wawili, nikiulizwa mzee yuko wapi.

Gesi ufunge. Shati nimemaliza kupiga pasi, liko kwa kiti. Nimepigia watu wa meli, nafasi yako bado haijachukuliwa.

Treni ya kwenda pwani inatoka Syokimau saa tisa. ~~Usikuje.~~

Mama Ngui