Fomu ya Usingizi wa Bibi

Jumatatu, 3 Machi

Nimepewa kazi! Mimi ndiye mwandishi wa Mama. Anamalizia kozi ya kuwatuliza watu kwa mwanga. Ni nukta zilezile za mwilini ambazo wengine huchoma sindano, ila yeye hachomi, anamulika tu kwa taa nyekundu iliyo kama kalamu. Amebakiza mgonjwa mmoja, vipindi kumi. Mgonjwa ni Bibi, mama yake mzazi, ambaye anasema hajapata usingizi wa maana tangu nilipokuwa darasa la pili.

Siku ya kumi mwalimu wa Mama atakuja kusoma fomu na kumhoji Bibi. Akiridhika, Mama anapata cheti na chumba kwenye zahanati, na kufua mashuka ya hoteli basi tena. Vidole vyake vimebabuka kwa sabuni. Naomba sana.

Fomu ina safu ya "maneno ya mgonjwa mwenyewe". Nimechonga penseli mbili.

Tulianza saa tisa mchana. Mama alimulika kifundo cha mkono, upande wa kidole kidogo. Kisha katikati ya nyusi. Kisha mguu, na mwisho unyayo, ambao aliushika kwa muda mrefu. Bibi alikoroma dakika thelathini na tano. Alipoamka nikamuuliza amelalaje.

"Nani, mimi? Sijalala. Nilifumba macho tu."

Nimeandika hivyohivyo.

Jumanne, 4 Machi

Dakika arobaini. Mjomba alichungulia akauliza nani anapasua mbao humu ndani. Bibi akashikilia kwamba hakulala, alikuwa anatusikiliza. Nikamuuliza tulikuwa tunasema nini. Akasema mambo ya kitoto, hayafai kurudiwa!

Alhamisi, 6 Machi

Mama aliomba fomu jikoni. Akasoma: Sijalala. Sijalala. Sijapata hata lepe. Wanaosema nimelala waulizwe wao. Alicheka mpaka akashika meza — halafu akaisoma tena. Mwalimu wake hatacheka.

Mjomba akasema tujaze wenyewe yaishe. Mama alimtazama tu, mpaka akahamia sebuleni na kikombe chake. Mimi nikapendekeza tuandike habari ya kukoroma. Mama akasema safu ile ni ya Bibi, hatuwezi kumsemea mtu usingizi wake.

Nakiri hapa: nilikuwa nimeshashika kifutio.

Jumamosi, 8 Machi

Bibi amefua mapazia yote kabla sijaamka. Mapazia yote! Mwezi uliopita alikuwa anasinzia kwenye chai. Leo aliona kutoka upande wa pili wa chumba kwamba pindo la sketi yangu limekwenda upogo, akanifumulisha lote. Anaimba. Uso wake umenawiri.

Kipindi cha sita: "Sijalala."

Sielewi. Bibi hajawahi kunidanganya.

Jumanne, 11 Machi

Nimeelewa.

Nilikuwa namkata kucha za miguu. Nikamuuliza polepole kwa nini anakataa. Akauliza kama vipindi vikiisha Mama atahamia zahanati. Nikasema ndiyo, Mungu akipenda.

"Basi akishapata wagonjwa wake, mguu wangu ataushika nani?"

Kweli, kabla ya kozi hii Mama alikuwa akirudi hoi, anamsalimia Bibi akiwa mlangoni, anapitiliza kulala. Siku hizi tisa wamekaa pamoja kila mchana.

Nikamwambia nitaushika mimi. Nimeangalia mara tisa, nukta zote nazijua. Bibi akacheka. Akasema, mke mwenzangu, wewe una pupa, utanimulika kama unatafuta sindano iliyoanguka. Nikaomba nijaribu. Akanipa mguu wa kushoto, nikachukua taa, nikaenda taratibu, pumzi kumi na mbili kila nukta. Hakusifu. Hakuutoa pia.

Hakusema kesho atajibu nini. Sikumuuliza — ingekuwa kama kumnunua.

Jumatano, 12 Machi

Naandika nikiwa kando ya kitanda. Mwalimu wa Mama amekuja, mwanamke mrefu, sauti ndogo. Ameisoma fomu yote bila kutabasamu. Mama alianza na kifundo cha mkono, kama kawaida. Bibi alichukuliwa na usingizi kabla hatujafika unyayo. Anakoroma!

Mama alitaka kumwamsha. Mwalimu akamzuia.

"Mwache. Ataniambia mwenyewe."

Tunasubiri. Saa nzima na dakika kumi sasa. Mama amekunja taulo lilelile mara nne. Mjomba anapita kwa ncha za vidole, hathubutu hata kukohoa.

Kukoroma kumekatika.

Bibi amefungua jicho moja. Kamtazama mwalimu, kamtazama Mama, kanitazama mimi. Mwalimu amesogeza kiti, anamuuliza kwa upole kama amelala. Mama amefumba macho. Bibi ametoa mguu wa kushoto, ule niliomulika jana, nje ya shuka, anausogeza polepole upande wangu, anavuta pumzi aseme —