Mlango Uliochomwa Saramek

Saramek, 6 Machi 1994

Kwa binti wa dada yangu, Dorine,

Chamge, nakusalimu. Natumaini barua hii itakukuta mzima, na watoto wa shule hapo Kedowa hawajakumaliza kwa kelele. Huku sote tuko salama, ila ng'ombe mwekundu anakohoa, na mke wangu mama Fancy anasema ameambukizwa na mimi.

Barua yako nimeisoma mara tatu, mara ya tatu kwa sauti ili watu wote wa zamu wasikie. Kwamba kampuni yetu ya Saramek inataka kukuandika kazi ya kuonja chai! Na wewe unauliza kama ukubali au ubaki mwalimu, kwa sababu Saramek inaungana na Halden, na baba yako anasema anayeingia mwisho ndiye hufutwa kwanza. Umefanya vizuri kuniuliza. Baba yako anajua mahindi. Mimi nimelisha boila ya kiwanda hiki kuni kwa miaka ishirini na miwili.

Sasa sikiliza. Kampuni mbili zikiungana, hiyo ni harusi. Usiangalie nani amevaa vizuri, angalia nani anahama nyumba. Wanaohama ni Halden. Meneja wao Mzungu amekuja hapa mara mbili na mbwa wake, na mbwa ameshakojolea lango letu kama la kwao. Huyo meneja hapiti boila bila kuniita kwa jina. Aliniuliza moto uwe mkali namna gani, nikamwambia arudi ofisini, mambo ya moto aniachie. Juzi wamekuja vijana wawili na utepe wa kupimia, wakapima boila yangu urefu, unene, mpaka bomba la moshi. Nikauliza ni ya nini, wakacheka. Mimi najua. Nitaletewa kubwa zaidi.

Na wakumbuke siku ya mvua ya mawe, mwaka wa themanini na tatu, banda la kuni lilipong'oka paa na kila gogo likalowa. Nani aliokoa chai ya siku ile? Nilichoma mlango wa nyumba yangu, nikachoma kitanda, nikachoma benchi nne za kanisa, na chui akatoka msituni akaja kuota moto. Nikamwambia akae upande wa kushoto, asizuie kazi. Mtu kama mimi hawezi kukupoteza njia.

Nipe siku chache nichunguze huku juu kwa wakubwa. Usijibu kampuni kabla sijasema.

Mjomba wako,
Kipruto


Kedowa, 27 Machi 1994

Mjomba mpendwa,

Chamge mising. Ng'ombe mwekundu ameacha kukohoa? Mimi niko sawa, ni wasiwasi tu. Wiki tatu sijasikia kutoka kwako, na wewe si mtu wa kunyamaza hata dakika tatu.

Jumanne kampuni iliniita Kericho nikaone chumba cha kuonjea. Mjomba, sijui nianzie wapi. Ni meza ndefu kama ya arusi, vikombe vyeupe zaidi ya mia, na mzee mmoja Mkisii, Mzee Nyagaka. Anavuta chai kwa kijiko kwa sauti kama ndama anayenyonya, anaizungusha mdomoni, anaitema kwenye ndoo ya magurudumu. Halafu anasema. Hii ni ya shamba la karibu na mto. Hii majani yalikaa juani yakingoja lori. Hii aliyekausha alikuwa na haraka ya kwenda nyumbani. Nilidhani anapiga domo tu, kama mtu mwingine ninayemjua, nisamehe. Lakini karani wake Marcella akafungua kitabu, na kila neno lilikuwa hivyo hivyo.

Nilimuuliza kuhusu hii habari ya kuungana. Akaniambia, "Jina la kampuni wanaweza kubadilisha mara kumi. Hakuna chai itauzwa kabla mtu hajaiweka mdomoni." Yeye anastaafu Desemba, na wanataka mtu ajifunze kwake kabla hajaenda. Kwa hiyo hofu ya baba imeniisha.

Halafu, bila kujua mimi ni nani, akaanza kunieleza siku ya mvua ya mawe ya 1983. Viwanda vyote vya upande huu vilileta chai iliyolegea, kama uji uliofunikwa ukiwa moto, kwa sababu kuni zililowa na mvuke ukakosa nguvu. Ya Saramek peke yake ilisimama. Alinionyesha kitabu cha mwaka ule. Ameandika, "Nani huyu?" na alama ya kuuliza kubwa. Akasema amengoja jibu miaka kumi na moja.

Mjomba, kwetu hadithi ile tunaicheka tangu nikiwa mdogo. Mama huicheka mpaka anashika mbavu. Nilisimama pale na kijiko alichonipa nijaribu, chai bado mdomoni.

Lakini Marcella aliniambia na lingine. Majani yote yatapelekwa kiwanda cha Halden. Boila ya Saramek inazimwa mwisho wa Juni. Wale vijana walikuwa wanapima chuma cha kuuza. Kama ulijua, basi ndiyo sababu ya kunyamaza kwako. Siwezi kuingia kampuni hiyo wakati wewe unatolewa. Natakiwa kujibu Alhamisi, kabla ya Pasaka. Ukisema nibaki shuleni, nitabaki na sitanung'unika.

Nimempa Lazarus wa lori la maziwa barua hii na chai kidogo, ile ya daraja la kwanza. Usiweke maziwa.

Binti yako,
Dorine


Saramek, 30 Machi 1994

Dorine, mama,

Sote ni wazima. Ng'ombe amepona. Naandika haraka, Lazarus anapiga honi.

Nilijua. Karani wa kiwanda aliniita siku nne baada ya ile barua yangu, akanisomea karatasi. Meneja alikuwepo. Jina langu halijui, aliniita "wewe wa boila". Nilikaa na kalamu siku nyingi, lakini sikupata namna ya kuisimulia ikatoka vizuri.

Chai yako nimeipika bila maziwa. Mama Fancy aliuliza kama tumbo linaniuma. Miaka ishirini na miwili nakausha chai, na hii sijawahi kuinywa. Sisi tunakunywa ile vumbi inayobaki chini, maziwa nusu, sukari vijiko vinne. Nilikaa nayo mlangoni. Ilikuwa nyekundu, naona mpaka chini ya kikombe. Ilikuwa na mvua ndani yake, na jua la baada ya mvua, sijui nisemeje. Nilikunywa mpaka ikapoa na sikusema neno. Hapo ndipo mama Fancy aliogopa kweli.

Na huyo mzee. Miaka kumi na moja anauliza, na mimi nimemjibu kila mtu kutoka hapa mpaka Bomet, isipokuwa yeye.

Kubali. Boila itazimwa ukiwepo na usipokuwepo. Lakini ukiwepo, chai ya zamu yangu ya mwisho, Juni thelathini, itafika kwa mtu wa damu yangu. Ionje wewe mwenyewe.

Mpe mzee jina langu. Mwambie nilichoma mlango, wa mtarakwa, mkavu, moto wake ndio uliokausha kuni nyingine. Kitanda tunalalia mpaka leo. Benchi za kanisa ziko, utazikalia Jumapili ya Pasaka. Chui niliongeza.

Mjomba,
Kipruto


Kericho, 4 Julai 1994

Mjomba,

Chamge. Msalimie mama Fancy, na ng'ombe pia. Mimi niko mzima, ulimi tu ndio unachoka.

Leo asubuhi niliwekewa vikombe sita, bila majina. Nilivuta, nikatema, nikaendelea. Kwa cha nne nilisimama. Nikakionja mara ya pili, nikasema, aliyekausha hii hakuwa na haraka ya kwenda nyumbani. Marcella akafungua kitabu akasoma: Saramek, Juni 30.

Mzee Nyagaka aliinuka. Alikwenda kabatini, akatoa kitabu cha 1983, akaifuta ile alama ya kuuliza kwa mstari mmoja, akaandika pembeni, Kipruto. Kisha akaketi, akaniambia nimsimulie.

Nilimsimulia habari ya mlango, kama ulivyoniagiza. Chui nilishindwa kumwacha nje. Mzee alifikiria, akauliza alikaa upande gani.

Nikamwambia wa kushoto.

Binti yako,
Dorine