Sahani ya Masika na Kilima Yako

Mama Kambale wangu,

Nakuandikia juu ile kilima ya kaburi yako imenishinda. Juzi nilifika tu kwenye muti ya avoka, katikati ya njia, pumzi ikakatika. Nikakaa chini kama gunia ya mihogo. Kijana moja wa moto, ile pikipiki ya kubeba batu, akasimama: "Muzee, nikubebe? Mais lakini utalipa bei ya batu babili!" Nikamutukana vizuri, akacheka, nikarudi nyumbani. Maua yako nilimuachia mbuzi ya mutu.

Unakumbuka kule Kirumba, vile ulinishika kitambi mbele ya mama yako? "Mama, angalia, namulisha!" Na wewe ukanenepa, mpaka kwa misa sisi babili tulijaza benchi, batoto banasimama. Siku munganga wa hospitali alikuambia tension, damu inapanda, ukamujibu: "Hizi kilo ni za bwana yangu, muulize yeye." Tukacheka bote, hata munganga. Na tension ikakubeba tu.

Sasa ni zamu yangu. Damu inapanda, sukari inafuata, magoti yanalia. Munganga anasema: punguza bugali, acha mawese. Muzuri sana. Mais Masika, bibi ya Kambale wetu, kila mangaribi ananiletea bugali ya kutosha harusi, na sombe, majani ya mihogo, yenye kuogelea ndani ya mafuta. Nikiacha nusu, majirani ya hapa Vulamba banaanza: "Muzee anaogopa chakula ya mukamwana. Iko sumu." Nikikonda, banasema ananinyima. Donc nakula, juu basimuite mulozi, ule mutoto muzuri.

Jumapili nikapata akili. Nikamuambia: "Masika, kuya tukule sahani moja, hapa kwa mulango, bote baone." Akafurahi karibu kulia. Kesho yake akafika na sahani kubwa kuliko ya kwanza.

"Papa, si sasa tuko babili?"

Ungecheka mpaka kuanguka. Mimi nilitafuna tu, macho kwa kilima yako.

Nataka kumuambia: mutoto yangu, naogopa, hapana sumu yako, naogopa kufa kama Mama Kambale. Maneno inafika kwa koo, inakuta bugali. Nitamuambia kesho. Jana pia nilisema kesho.

Siku ya bafu bote, ile ya kuombea marehemu, nitakuya kwako. Kama miguu inakataa, batanileta kwa mabega, na bale babebaji Mungu abahurumie. Usogee kidogo, mama. Usogee sana.

Bwana yako,
ule ulinenepesha mwenyewe