Mshale Nilioufuta

Nerima, Tokyo
14 Februari 2023

Mpendwa mdogo wangu Kunihiko,

Hujambo huko São Paulo? Goti lako je, limekubali ngazi? Na mkeo Marlene bado anakukataza chumvi? Mimi nipo. Moyo umechoka, napumua kwa mpira wa oksijeni, na daktari ameacha kutaja mwaka ujao. Hilo tuliache kwanza, maana kuna jambo linaniudhi kuliko moyo.

Ni kompyuta. Studio moja ndogo imeniomba niwachoree mwongozo wa filamu fupi ya katuni, picha kwa picha, kama zamani. Nikafurahi kama mjinga. Kumbe karatasi hawapokei tena! Mjukuu wangu Chinami akaniwekea programu, na humo kiolezo cha ukurasa kina visanduku vitatu vilivyolala ubavu kwa ubavu. Wewe unajua: kwetu ni vitano, kimoja juu ya kingine, na pembeni maelezo, maneno na sekunde. Nimekitengeneza upya siku nne. Kila nikifungua asubuhi, vitatu vinanitazama.

"Bibi, umehifadhi ukurasa, hukuhifadhi kiolezo," ananiambia Chinami huku anamenya chungwa.

"Tofauti yake nini?"

"Tofauti yake ndiyo hizo siku nne, Bibi."

Nilitamani kumtupia maganda.

Ikaja kamera. Unaikumbuka mashine yetu ya studio: kamera imefungwa juu, haiendi upande wowote, na wewe chini unavuta karatasi ya mandhari kidogo kidogo. Ili mnyama aonekane anakwenda kulia, karatasi inavutwa kushoto, na mshale ninaouchora ni wa karatasi. Kwenye programu hii karatasi imetulia, kamera ndiyo inayotembea! Nani aliwatuma wageuze? Nikamchora msichana anayekimbia kulia, nikaweka mshale kushoto kama nilivyozoea, nikabonyeza.

"Bibi! Msichana wako anakimbia kinyumenyume!"

Chinami alicheka hadi machozi. Mimi nilizima kompyuta.

Kunihiko, unajua nilichokiona. Nilimwona mbweha wetu wa katuni wa mwaka 1974, akirudi kwao kinyumenyume juu ya theluji, na filamu ikakosa siku yake ya kurushwa. Kwenye kikao, mkubwa wetu wa studio aliweka karatasi yangu ya mwongozo mezani: mshale unaelekea kushoto, sahihi kabisa. Akakuuliza mbele ya wote, "Wewe kulia na kushoto huvijui?" Uliinama ukaomba radhi, ingawa ulikumbuka kuvuta kama ulivyoelekezwa. Mwezi uliofuata ukapanda ndege kwenda huko. Baba alikufa akikuita mzembe.

Mshale ulikuwa wa kulia. Niliuchora mimi, nikifuata miguu ya mbweha, nikaisahau karatasi ya mandhari. Kabla ya kikao kile niliingia ofisini peke yangu, nikaufuta, nikachora mwingine. Nilikuwa mwanamke pekee pale aliyeruhusiwa kuchora mwongozo, nikaogopa kurudishwa kwenye kupaka rangi. Sikuombi uione kuwa sababu ya kutosha.

Jana nilimweleza Baba mbele ya madhabahu ya nyumbani, penye picha yake, kwa sauti, Chinami akisikia. Safari hii hakucheka. Alikaa nami tukageuza mishale yote ya filamu mpya, mmoja mmoja. Na kiolezo sasa kina visanduku vitano, ingawa siwezi kuapa kwamba kesho vitakuwepo.

Nakutumia ile karatasi ya mshale. Miaka yote hii ilikuwa chini ya kopo la biskuti za mchele. Usiniamini kwa maneno. Ishike kwenye mwanga wa dirisha. Penseli yangu ilikuwa ngumu na mkono wangu mzito. Ufutio uliondoa weusi, haukuondoa mkwaruzo. Utauona, mwembamba, unaelekea kulia. Ulivuta sawasawa, mdogo wangu.

Msalimie Marlene, na mwanao Rogério na watoto wake. Chinami anakusalimu, anasema angependa kukuona. Waliotutangulia wakulinde, na goti lako lipone kabla ya majira ya baridi ya huko.

Ni mimi dada yako, nikupendaye, niliyekuelekeza vibaya,

Hisae