Lupe Hatakwenda na Bendi

Māngere, Jumapili baada ya ibada

Kaka yangu Semisi, huko kisiwani Vava'u,

Tu wazima, ila mwanangu Seini hajaniachia usingizi wiki nzima kwa sababu ya sikio. Mkeka wa Mama umefika.

Mwaka jana sikio lilipoanza, nilikuwa nikimgombeza Seini, nikidhani ni mkaidi. Lupe wako akanicheka: "Shangazi, unajichosha bure, hakusikii! Ana maji sikioni." Tukampeleka kwa daktari, naye akasema ndivyo, akamwachia Lupe achungulie sikio. Binti yako alimuuliza maswali mpaka foleni ikanung'unika!

Sasa chuo kimemkubali asomee utabibu wa masikio. Barua aliificha kwa kukuogopa, maana umeshawaahidi wenye bendi kule Sydney sauti yake. Kaka, kanisani ataendelea kuimba. Lakini watoto wetu wangapi wanaitwa wakaidi, kumbe hawasikii?

Kwetu dada akishasema, kaka hapingi. Sijawahi kuitumia haki hiyo kwako, leo naitumia. Nimewaambia wenye bendi watafute mwingine. Ukikasirika, nikasirikie mimi. Yeye mwandikie kwamba umefurahi. Fomu ya chuo iko mezani, na bila neno lako hatii sahihi.

Dada yako anayekupenda,
Kalolaine