Siku ya Tatu ya Phebe

Jumanne, 6 Oktoba 1998
Kosa la wengi wanaosoma barua za kale: wanarukia maneno makubwa, tarehe wanaipita. Nilimfundisha hivyo Atupele, mwanafunzi kutoka Mbeya anayekaa ghorofa ya juu yangu hapa Durban — anza na tarehe! Leo kaniletea tasnifu yake niipitie. Inahusu barua za wanawake wawili wa Amerika, Phebe na Deborah, mwaka 1850. Walipinga utumwa na kudai haki za wanawake. Walikuwa Wakweka, dhehebu la Kikristo; wenyewe hujiita Marafiki. Marafiki hawakutaja siku kwa majina ya Kizungu, maana yalitokana na miungu ya kipagani. Waliandika Siku ya Kwanza, Siku ya Pili, hadi ya Saba. Jedwali la kuzigeuza nilimchorea mimi. Kwenye shukrani amenitaja: Babu Jecha, mwalimu mstaafu. Nimeusoma ule mstari mara mbili. Ubatili!

Alhamisi, 8 Oktoba
Sura ya nne ndiyo roho ya kazi. Phebe anamwandikia Deborah kwamba Siku ya Tatu — kwa jedwali, Jumatatu — jioni, alimficha nyumbani kwake mama aliyetoroka utumwani. Lakini gazeti la huko linasema Jumatatu ile jioni Phebe alikuwa jukwaani, mji wa mbali, akidai kura kwa wanawake. Kwa hiyo, anahitimisha Atupele, Phebe alimdanganya rafiki yake apate sifa.

Nilimwuliza kama ana hakika. Akacheka.

"Babu nawe! Jedwali si lako?"

Mwisho wa kuwasilisha ni Jumatatu, saa sita mchana. Akichelewa, ufadhili unakatika, anarudi kwao mikono mitupu.

Jumamosi, 10 Oktoba
Saluni ya Henriette, Umbilo Road. Nywele zangu zimebaki chache, maneno yake hayapungui. Nimesahau kuchukua pesa, nikamwambia nitamletea Jumatatu.

"Kazi moja?" akauliza. Kwao Lubumbashi ndivyo wanavyoiita — siku ya kwanza ya kazi.

Nikamweleza kwamba siku ya kwanza ni leo, Jumamosi. Sisi wa Unguja juma letu huisha Ijumaa, msikitini.

"Eish, vieux, mzee wangu! Unaanza juma siku ya kupumzika? Na Mungu alianzaka kuumba siku gani?"

Wateja walicheka. Nami nilicheka. Nimefika kwenye robot, taa za barabarani, nangoja kuvuka, kicheko kikakatika. Marafiki walianza kuhesabu siku gani?

Jumapili, 11 Oktoba
Nimepitia nakala za barua zote. Moja imeandikwa Siku ya Kwanza. Phebe anasema asubuhi hiyo walikaa ibadani saa mbili nzima, kimya, hakuna aliyenena.

Ibadani. Wakristo wale walikusanyika Jumapili. Basi ya kwanza ni Jumapili, ya tatu ni Jumanne. Jedwali langu linaanza Jumamosi.

Jumatatu Phebe alihutubia. Jumanne alikuwa kwake, akamficha yule mama. Hakusema uongo. Mimi ndiye niliyemfanya mwongo, miaka mia na arobaini na minane baadaye.

Jioni Atupele alisimama mlangoni na nakala nne zilizojalidiwa, bado zinanuka gundi.

"Shika, Babu, uone uzito!"

Nilishika. Nikasema ni nzito. Basi.

Jumatatu, 12 Oktoba
Saa moja na nusu asubuhi. Nasikia viatu vyake juu, vinakwenda na kurudi. Saa mbili atashuka kupanda taxi.

Naweza kunyamaza. Profesa wake hakuona. Watahini huenda nao wasione. Phebe hana wakili hapa Durban.

Nimeandika jedwali upya. Nimeandika pia barua kwa profesa: kosa ni langu, naomba mwanafunzi apewe siku saba. Anaweza kukataa. Sura ya nne yote itaanguka, na jina langu lile pale mwanzoni.

Chai imepoa. Mlango wa juu umefunguliwa — anaimba.

Leo: simama ngazini, mwambie kabla hajafika chini.