Gari la Viti Viwili

Kaka yangu mpendwa,

Nakuomba uisome barua hii ukiwa umekaa, na miwani ukiwa umeivaa machoni, usije ukaipandisha kipajini halafu ukaisumbua nyumba nzima kuitafuta. Hujambo? Mgongo unaendeleaje? Wifi yangu je, na wale wanangu? Mwambie yule binti mkubwa kwamba shangazi yake hajasahau begi alilomwahidi. Ngozi nimeshaipata, utulivu wa kuikata ndio sina. Mimi ni mzima, isipokuwa kucha zangu, ambazo zimekuwa nyeusi kama za mchoma mkaa, na usingizi, ambao umenihama bila kuaga.

Umenipigia simu wiki nzima nami sikupokea. Usidhani nimekununia. Ni kwamba kwenye simu huwa unaniwahi. Nikivuta pumzi tu, umeshatoa hukumu, umeshanipa salamu za wifi na umeshakata. Karatasi haikatwi kauli. Leo utanisikiliza hadi mwisho.

Nimenunua gari.

Najua umerudia kusoma hapo. Ni gari la spoti, la zamani, la viti viwili. Halitembei. Kwa kweli, kwa sasa hata halifanani na gari.

Jambo lenyewe lilianza kwa turubai. Unamkumbuka yule daktari wa meno wa mtaa wa juu, aliyekung'oa gego ukapiga kelele hadi wagonjwa waliokuwa wakingoja nje wakaghairi? Amestaafu siku nyingi. Aliniita nikapime gari lake lililokuwa uani ili nilishonee turubai jipya, kwa kuwa mjini humu kila mwenye kiti kilichochanika au hema linalovuja huja kwangu, hata kama ndugu zangu wa damu huiita kazi yangu ushonaji-shonaji. Nilipolifunua lile turubai lililooza nikakuta pua ndefu, mgongo mfupi, paa la kitambaa lililobaki nyuzi tupu, na rangi nyekundu iliyopauka ikawa kama ufizi. Panya walikuwa wamezalia kwenye kiti cha dereva. Daktari alinieleza kwamba watoto wake wamempa ushauri wa busara: gari likatwe, liuzwe chuma chakavu, kwani mtu wa umri wake analitakia nini. Hilo neno "umri" lilinigusa palepale penye kidonda. Nilimjibu kwamba watoto wakianza kukupa ushauri wa busara, ujue viti vyako wameshagawana. Alicheka hadi meno ya bandia yakamcheza mdomoni. Ndiyo, ni ya bandia, mganga hajigangi. Kisha akaniuliza kama ninalitaka. Nilikwenda kupima turubai, nikarudi na kitu cha kufunikwa.

Tatizo likawa mahali pa kuliweka, na hapo ndipo unapoingia wewe.

Wewe ndiye uliyempata mnunuzi wa nyumba hii ya baba. Wewe ndiye uliyesema kwamba, ili mnunuzi asiuone ule ufa wa sebuleni, ukuta wa mbele ubomolewe chini ya dirisha hadi kwenye kona, ujengwe upya. Fundi mwashi uliyemtuma alibomoa vizuri sana, akatundika nailoni, akaenda kungoja matofali. Sebule ikabaki wazi kuelekea barabarani kama duka. Mvua ilikuwa inanukia, gari halina paa, nami nina sebule isiyo na ukuta. Mtu yeyote mwenye akili angefanya nini?

Majirani walilisukuma. Refa, yule jirani yetu aliyekuwa akichezesha mechi na ambaye hadi leo hatoki nyumbani bila filimbi shingoni, alisimama katikati ya barabara akazuia magari yote, akalielekeza kwa mikono miwili hadi likaingia pale palipokuwa na kochi kubwa. Alipuliza filimbi akatangaza goli. Watu walipiga makofi. Miaka mingi sijapigiwa makofi, kaka. Mimi huzomewa, nami hujibu.

Nilianza na viti, maana huko ni kwangu. Nilivichuna ngozi, nikatoa viota vya panya, nikazinyoosha springi kwa koleo. Kama ningeishia hapo, ndani ya wiki mbili ningekuwa nimemaliza kazi kama fundi yeyote. Lakini mikono haikukubali. Nikafungua milango. Nikafungua boneti, bampa, taa, rejeta. Kila nikifungua kimoja naona kingine kimeshikwa na nati nne tu, nami nasema moyoni, nati nne ni nini? Sikuweka alama popote. Sasa milango imelala kwenye kitanda cha baba, bampa liko chini ya meza ya kulia, kioo cha mbele kimeegemea kabati la vitabu vyangu, na nati zimejaa kwenye vikombe vyote vya nyumba, kiasi kwamba Refa alipokuja kunitembelea nilimpa chai kwenye bakuli la kunyolea. Aliinywa. Aliniambia amewahi kuona watu wakijenga gari, na amewahi kuona watu wakilibomoa, ila hajawahi kuona mtu akiligombeza. Nilimwambia anywe chai yake.

Injini imekwama. Pistoni zimeshikana na kutu ndani ya silinda, haigeuki mbele wala nyuma. Dawa yake ni kumimina dizeli na mafuta kwenye matundu ya plagi, kisha kungoja. Fundi magari wa kona alinieleza hivyo na akarudia neno hilo, kungoja, kama mtu anayemsomea mwingine adhabu. Basi nangoja. Mara kadhaa kwa siku naweka spana kwenye ile nati kubwa ya mbele ya injini na kusukuma, nione kama imelegea. Spana yenyewe ni ya kuazima kwa Refa, imetanuka mdomo, inateleza na kunichuna vifundo vya vidole. Na kwa kuwa tumefika kwenye spana, nitasema.

Tulipogawana vitu vya baba, wewe ulipewa lile sanduku la spana kwa sababu wewe ni mwanamume. Mimi nikapewa cherehani ambayo niliinunua mwenyewe. Nani alikuwa akilala chini ya malori pamoja na baba, akimshikia tochi, akimpa spana hata kabla hajaitaja? Wewe ulikuwa ndani ukisoma, na sikulaumu, lakini wewe ni mtu anayeita fundi kubadilisha taa. Niligomba siku ile, mkanituliza mkisema ni kumbukumbu tu, nisiwe na makuu. Wifi, ambaye Mungu amempa ulimi usioficha, ameniambia kumbukumbu hiyo mnazuilia mlango wa stoo usigongwe na upepo.

Ngoja kidogo, nainuka.

Nimerudi. Bado haijageuka. Nimeongeza dizeli, na kidole gumba kinatoka damu, ndiyo maana ukurasa huu una doa.

Sasa ukuta. Najua umeshazisikia habari, maana sauti ulizoniachia kwenye simu zimekuwa za mtu anayesema polepole makusudi. Ni kweli: ukuta umejengwa, umepigwa lipu, ni mzuri, hauna ufa, na gari liko ndani. Milango ya nyumba hii inapitisha kochi kwa taabu. Bodi ya gari haipiti popote isipokatwa vipande. Nimemwambia kila mtu, na wifi pia, kwamba ni bahati mbaya. Kwamba fundi mwashi alirudi mimi nikiwa chini ya gari nakwangua kutu kwa brashi ya waya, masikio yamejaa kelele, nilipotoka matofali yameshafika dirishani. Mtaa mzima umecheka. Refa anasema yeye hajawahi kuona kipa aliyejifungia golini pamoja na mpira.

Huo ni uongo, kaka. Wewe nakuambia ukweli.

Fundi alipanga safu chache, akasimama. Aliniuliza, mama, na gari je? Nikamwambia aendelee. Akaweka tofali moja, akaniuliza tena kama nimemwelewa, maana akifunga hapo ni ama ukuta uvunjwe au gari lizeekee ndani. Nikamwambia nimemwelewa. Alipozidi kusitasita nilisogea kwenye rundo, nikaanza kumpa matofali mimi mwenyewe, moja baada ya jingine, hadi likaja la mwisho. Tangu baba afariki, hiyo ndiyo saa pekee ambayo miguu yangu ilitulia mahali pamoja.

Uliponiambia tuuze nyumba, nihamie kwako kwenye kile chumba cha nyuma, nipumzike, nilikujibu "sawa". Ulipaswa kushtuka. Umenijua tangu nazaliwa. Ni lini nilikubali jambo bila kulipinga kwanza? Baba mwenyewe aliniita Wakili kabla sijaota meno. Sawa ile ilikuwa ya mtu aliyetoka makaburini wiki ileile, asiye na pumzi ya kugombana. Nimemuuguza baba miaka, kwa saa: saa ya dawa, saa ya kumwosha, saa ya kumgeuza ubavu. Amekwenda, lakini saa hazikwenda naye. Ikifika saa ya kumgeuza, miguu yenyewe inanipeleka chumbani kwake, nami nasimama pale mikono mitupu, nikiangalia godoro. Hizo ndizo saa ninazoshika spana. Unaniambia nipumzike! Nikikaa, najisikia ninazikwa. Nilikuwa naogopa kwamba ningekuja kwako nimebeba cherehani na begi, ningeketi kwenye chumba cha nyuma kama mtu anayengoja kuitwa, na wanao wangeambiwa wasipige kelele, shangazi amelala.

Kwa hiyo ile "sawa" naifuta. Mwambie mnunuzi asije mwisho wa wiki. Akija, atakuta injini sebuleni na mwanamke asiye na adabu.

Sikunyang'anyi kitu. Nusu ya nyumba ni yako na itabaki kuwa yako. Ila nisikilize. Siku injini itakapowaka, nitamwita fundi mwashi yuleyule, auvunje ukuta wake, nami nitatoka. Baada ya hapo uza, panga, kaa mwenyewe, sitatia neno. Hilo nalo naliandika hapa kwa mkono wangu mchafu. Nitaondoka nyumba hii nikiwa naendesha. Siko tayari kuondoka nikiwa nimebebwa kama kochi.

Na usiseme nimejipangia kazi isiyoisha. Nimeliwaza hilo pia, nikaona ni kweli kidogo, likanitisha. Ndiyo maana nakuandikia wewe. Nati ile inahitaji spana iliyo sawa na mtu mwenye uzito, na uzito wifi amekupa wa kutosha. Viti ni viwili. Cha dereva nimeshakimaliza, ngozi mpya, mshono maradufu. Cha pili nimekiacha wazi, kwa sababu sijui mgongo wako siku hizi unataka sponji ngumu au laini, na jambo hilo haliwezi kupimwa kwa simu.

Msalimie wifi, umwambie namshukuru kwa ulimi wake. Wabusu wanangu. Mlango wa stoo tafuteni jiwe. Wewe njoo na sanduku la baba.

Ni mimi mdogo wako, ninayekupenda hata tunapogombana,

Wakili